Sindano ya Shaba

Kila ifikapo Desemba, Wachaga waliotawanyika Dar es Salaam, Mwanza na ughaibuni hurudi mlimani kuhesabiwa, kama tusemavyo wenyewe, na stendi ya Moshi hujaa watu, mabegi na salamu. Nami Desemba iliyopita nilimpokea hapo mpwa wangu, kijana wa miaka 16, tukapanda gari la kwenda Kidia, naye njia nzima akilipakata begi lake wala asikubali lifungwe juu ya keria, maana ndani yake mlikuwamo vitu viwili alivyovithamini kuliko nguo zake za sikukuu: kompyuta mpakato, na gemu kongwe ya mkononi, ya rangi ya kijivu, nene kama kipande cha sabuni ya mche, aliyoinunua kwa muuza mitumba Kariakoo. Vitu hivyo viwili ndivyo vilivyonifunza, katika siku chache za likizo yake, kuiheshimu kazi ambayo hapo kabla sikuihesabu miongoni mwa sanaa, nayo ni kazi ya mtunga michezo.

Usiku wa kwanza, migomba ikidondosha matone ya mvua ya vuli nyuma ya nyumba, aliiwasha kompyuta akanionyesha City of Heroes, gemu iliyotolewa Marekani mwezi wa Aprili 2004, ambamo watu wengi mno huingia kwa wakati mmoja kwa njia ya intaneti, kila mmoja na shujaa wake, wakakutana katika mji wa kubuni uitwao Paragon City. "Mjomba," akaniambia, "hapa shujaa haazimwi, unamuumba mwenyewe." Naam, kabla hujarusha hata ngumi moja, mafundi wa gemu hii wamekuwekea karakana mlangoni, ukachague kimo, upana wa mabega, taya, kofia, viatu, na rangi ya kila kipande, tukakaa hapo zaidi ya saa nzima, bila ya mmoja wetu kukumbuka chai, hata akasimama mbele yetu mtu mrefu kupita kiasi, kifua wazi, kiunoni amejifunga nguo nyeusi kama kaniki. Nikamwita Fumo. Kisha nikamsihi kijana ampe nguvu zote zilizoandikwa pale: aruke, atupe moto, aponye wagonjwa, na risasi zidunde mwilini mwake. Akanitazama kwa upole.

"Haiwezekani, Mjomba. Akiwa nazo zote, gemu hakuna."

Jibu lile lilinirudisha darasani, ambako kwa miaka mingi nilisomesha habari za Fumo Liyongo, shujaa wa Pate na Ozi, ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu alimtungia utenzi mwaka 1913. Liyongo hakuingiliwa na mkuki wala mshale. Lakini masimulizi yalimwekea mwilini mahali pamoja tu, kitovuni, ambapo sindano ya shaba ingemtoa roho. Aghalabu wanafunzi waliniuliza kwa nini jabari yule akatiwa udhaifu mdogo na wa ajabu namna ile, nami niliwajibu kwa habari za kudra na mauti. Laiti wangeniuliza leo, ningewaambia kwamba waliomsimulia walikuwa mafundi, na kwamba walipompa sindano walimfanyia hisani kubwa kuliko walipompa nguvu. Liyongo asiye na sindano angekuwa mwamba, na mwamba hauna kisa. Kwa sababu ya sindano mama ana hofu, mwanawe ana kishawishi cha kumsaliti, mfalme ana tadbiri, na msikilizaji aijuaye siri hana raha mpaka amwone shujaa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, amekwisha kufa, na watu wa mji hawathubutu kuteka maji kwa kumdhania yu hai.

Basi katika City of Heroes nikaona kwamba sindano imewekwa katika kila kiumbe, na imewekwa kwa makusudi na kwa vipimo. Yule awezaye kuunguza adui kutoka mbali ngozi yake ni nyembamba, akikaribiwa amekwisha; yule mwenye kifua cha kupokea mapigo ya genge zima, mkono wake mwenyewe ni mwepesi; na mlinzi, ambaye ndiye tuliyemchagulia Fumo wetu, huwatia wenzake afya na nguvu hata wakawa kama simba, ilhali yeye peke yake uchochoroni hushindwa na wahuni watatu. Hakuna aliyeamrishwa na sheria kumsaidia mwenziwe. Upungufu wake ndio unaomtuma.

Siku ya tatu niliyaona hayo kwa macho yangu. Tulikuwa watu watano katika ghala moja, wanne wao wageni tusiojua kama wako Chicago ama Manila, na mbele yetu mwanamke wa barakoa ya dhahabu, mwili kama mlango wa ngome, amewakusanya maadui wote wampige yeye. Pembeni mwa kioo palikuwa na mstari wa kijani, ndio uhai wake, na kila pigo likiufupisha, hata ukabaki unene wa ukucha. Mpwa wangu akabonyeza kitufe kimoja, mstari ukapanda, akabonyeza tena, ukapanda tena, huku mstari wa buluu wa Fumo wetu, ambao ni pumzi yake, ukiisha kwa kasi ileile, maana fadhila nayo ina gharama. Niliushika mguu wa meza bila ya kujijua. Ghala lilipotulia, yule mwanamke akatugeukia, akainama, na chini yakaandikwa maneno mawili ya Kiingereza ya kushukuru. Mimi mtu mzima nilifurahi siku ile kwa shukrani ya mtu nisiyemjua jina.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitambua mpaka mtandao wetu wa mlimani ulipoyumba. Kila amri ya kijana iliteremka kutoka Kidia hadi Dar es Salaam, ikaingia baharini katika nyaya za namna ile iliyofika pwani yetu mara ya kwanza mwaka 2009, ikaenda mpaka kwenye seva za ng'ambo, na jibu likarudi njia hiyohiyo. Na mara nyingine picha iliganda, Fumo akabaki na mguu mmoja hewani. Walakini hatukushindwa. Mafundi walikuwa wamekadiria kwamba kila uwezo, ukishatumika, upumzike kwa sekunde kadhaa kabla ya kutumika tena, na katika mapumziko hayo mna nafasi ya mwenye mtandao mbovu kumfikia mwenye mtandao mzuri. Gemu nyingi za siku hizi humtaka mchezaji ajibu kufumba na kufumbua, na kwazo mtoto wa Rombo au wa Uru ameshindwa kabla hajaanza. Hii ilimwekea kiti.

Sidai kwamba kila kitu mle ni johari. Maghala na mapango yake yanafanana mno, na ukiingia la tano unajua nguzo ilipo kabla hujaiona. Lakini nani asiyestaajabia habari ya joho? Gemu ilipotoka, mashujaa hawakuwa na majoho, kwa sababu kitambaa kinachopepea ni kitu kigumu kukitengeneza. Na yalipokuja, mafundi hawakuyagawa bure, bali walitunga kisa kwamba mji una msiba wa shujaa mkubwa aliyekufa vitani, na kwamba joho ni heshima ya kustahiliwa, hata mtu afike daraja la 20. Upungufu wa chombo wakaufanya taadhima ndani ya hadithi. Ni fundi seremala gani asiyelijua jambo hilo, la ufa katika ubao kugeuzwa kuwa ua?

Mpwa wangu aliniambia pia kwamba gemu hii ilikwisha kufa. Ilipotangazwa mwaka 2012 kuwa itafungwa, wachezaji walikusanyika chini ya sanamu kubwa ya Atlas mjini mle, wameinua mienge. Na siku ya tarehe 30 Novemba mji ukazimwa. Mtu aliyezaliwa chini ya Kibo, ambako Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru Desemba 1961, haisikii habari ya watu na mienge yao bila ya kutikisika. Hata mwaka 2019 wapenzi wa gemu wakaufufua mji kwa seva zao wenyewe, bila ya ruhusa ya wenye mali, na Januari 2024 wenye mali hao, kampuni ya NCsoft, wakalipa kundi mojawapo, liitwalo Homecoming, idhini rasmi. Mji tuliotembea usiku ule umehifadhiwa na waliokuwa wakazi wake.

Kutwa, umeme ulipokatika, tulikaa barazani na ile gemu ya kijivu. Hiyo ni Game Boy, iliyotoka Japani mwaka 1989, na nilipoishika viganja vyangu vilikumbuka kitu. Miaka ya tisini madukani Moshi mjini palikuwa na gemu za bei nafuu za kupanga matofali, na huku vijijini mtoto mmoja akiwa nayo, watoto kumi walikuwa nayo. Betri zikilegea zilianikwa juu ya bati wakati wa jua, zikatoa dakika chache nyingine za kucheza, nao walikubaliana zamu kwa haki ambayo sikuwahi kuwafundisha. Mchezo ule wa matofali asili yake ni Tetris, uliobuniwa Moscow na Alexey Pajitnov mwaka 1984. Na kwa kuja ndani ya Game Boy ulienea duniani kote.

Aliyesimamia utengenezaji wa chombo hicho ni Gunpei Yokoi, na namtaja kwa heshima, maana aliingia Nintendo ya Kyoto, kampuni iliyoanza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata, akiwa fundi wa kuitunza mitambo yake tu. Siku moja ndani ya treni ya kasi alimwona msafiri aliyechoka akichezea vitufe vya kikokotozi ili kupisha muda; na katika kumtazama mtu mmoja mwenye uchovu akapata wazo la gemu ndogo ya mkononi, iliyotoka mwaka 1980. Falsafa yake ilikuwa kuchukua vifaa vilivyokwisha kuzoeleka na kushuka bei, akavitafutia matumizi ambayo hakuna aliyeyafikiria. Washindani wake walikuja na vioo vya rangi vinavyong'aa, vilivyomeza betri sita kwa saa chache. Yeye akatoa kioo chenye vivuli vinne tu vya kijani kibichi, kisicho na taa, kinachokwenda kwa betri nne siku nzima na zaidi. Waliitazama wakaiona duni. Pamoja na mdogo wake wa rangi, Game Boy iliuzwa zaidi ya milioni 118.

Nikiwa barazani, nimekielekeza kile kioo kwenye jua ili nione matofali yakishuka, nilifikiri kwamba Yokoi angekaa vizuri sana na mafundi wa simu pale Moshi mjini, ambao kwa bisibisi moja, waya wa kulehemu na simu tatu zilizokufa humpa mtu simu moja iliyo hai. Nao hujua kwamba kifaa bora kwa mteja ni kile atakachoweza kukilisha. Yokoi aliitia sindano katika chombo chenyewe: kijivu, kizito, kisicho na mwanga, na kwa sababu hiyo waliokitungia michezo walilazimika kufikiri mchezo wenyewe, kwa kuwa hapakuwa na rangi ya kujifichia.

Afrika Mashariki nayo haikukaa kimya. Mwaka 2007 kijana wa Nairobi, Wesley Kirinya, alitoa Adventures of Nyangi, ambamo mwanamke wa Kiafrika ndiye anayesaka vitu vya kale. Na mwaka 2009, yeye na Eyram Tawia wa Ghana waliasisi Leti Arts, wakawatia mashujaa wa visa vyetu katika michezo ya simu na vitabu vya picha. Wametangulia, na njia ya kuwafuata ni ndefu. Sisi huku tuna Horombo wa Keni, ambaye leo wageni wanalijua jina lake kwa kituo cha kulala njiani kuelekea Kibo. Tuna Mangi Meli aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Tuna milima yenyewe, ambayo wazee walikwisha kuifanya watu.

Nilimsimulia kijana kisa cha milima hiyo siku mbili kabla hajaondoka. Mawenzi alikwenda kwa jirani yake Kibo kuomba moto, akamkuta anatwanga ndizi kavu, akaonjeshwa. Zikamkolea, hata njiani akauzima moto kwa makusudi apate kurudi, akarudi tena na tena, mpaka Kibo akaghadhibika, akamshukia kwa mchi, ndiyo maana kilele cha Mawenzi kimechongoka na kupasuka hadi leo. Mpwa wangu hakusema neno. Aliomba daftari la hesabu, lile la miraba, akachora njia ya miraba kumi kutoka mlima hadi mlima, mitatu akaitia ukungu kwa penseli, kisha akaenda ghalani akarudi na kiganja cha buni. Buni ni makaa: hatua moja hula moja, na mraba wa ukungu hula mbili.

Alinipa makaa 16, nikafika kwa Mawenzi yamebaki matatu, wala sikuwa na sababu ya kumrudia Kibo maisha yangu yote. Akanipa 9, nikazimikiwa njiani kila mara, nikaudhika. Akaketi, mkono shavuni, akiitazama ile miraba kama mtu asikilizaye, na mwanga wa jioni ukiwa bado juu ya theluji. Akaandika 13; tukacheza; nikafika na kaa la mwisho likiisha mlangoni, nikaona limenitosha. Yeye hakuridhika. Alichukua kifutio, akaifuta ile 13 taratibu karatasi isichanike, akaandika 12, akazihesabu buni upya mkononi mwangu.

"Tuanze tena, Mjomba."