Kamera Iliyokubali Kungoja

Katika sanaa ya filamu ni haba mambo yaliyo mepesi kutamaniwa na mazito kunaswa kama mwendo wa baiskeli. Na mtu wa kijiji cha Idodi, ambaye huona magunia ya mpunga yakipita juu ya baiskeli katika barabara iendayo Hifadhi ya Ruaha, aweza kuufahamu uzito huo bila ya kufungua kitabu cha wapiga picha. Akipakiwa kwenye bodaboda akaandamana na mchukuzi kwa mwendo ule ule, atamwona mtu yule kana kwamba amekaa kitako na miti ndiyo ikimbiayo. Akisimama kando ya njia, mchukuzi atatokea, atapita, atatoweka, naye asibakiwe na kitu ila vumbi. Na akimtazama kutoka juu kabisa, kilima kilichomtoa mwenzake jasho kitalala bapa kama mkeka.

Mwaka 1976 Jørgen Leth wa Denmark aliukabili ugumu huu kwa wingi wa macho. Ili kuyapiga picha mashindano ya Paris-Roubaix, yaliyotoka katika filamu iitwayo A Sunday in Hell, alitawanya wapiga picha zaidi ya 20 na helikopta, kila mmoja akilindia pahala pake. Lakini ustadi wake mkubwa ni kwamba aliifungua filamu kwa utulivu, fundi akiisafisha baiskeli kiungo baada ya kiungo, hata mbio zikifika katika mawe na vumbi la kaskazini ya Ufaransa, jicho letu limekwisha kuujua mnyororo na gurudumu, na linavihofia.

T.C. Johnstone, aliyetoa Rising from Ashes mwaka 2012 kuhusu timu ya baiskeli ya Rwanda, alishika njia nyingine: wingi wake haukuwa wa kamera bali wa miaka, maana aliifuata timu hiyo kwa muda wa miaka ipatayo sita. Alisuka nyuzi mbili. Wa kwanza ni wa kocha Jonathan Boyer, Mmarekani wa kwanza kushiriki Tour de France, mwaka 1981. Wa pili ni wa Adrien Niyonshuti, aliyekuwa mtoto mdogo mauaji ya kimbari ya 1994 yalipompokonya ndugu zake sita. Fauka ya hayo zipo baiskeli za mbao za wakulima, jamaa za chukudu, vyombo vya mbao vya kusukuma mizigo vya Goma, nazo zina kazi kubwa kuliko pambo: kilima ambacho kamera ya juu hukilaza, mzigo hukiinua tena, kwa kuwa mabega ya msukumaji na mishipa ya miguu yake ni kipimo ambacho lenzi haiwezi kukikanusha.

Kasoro ya filamu hii, kwa maoni yangu, ni sauti ya msimulizi. Forest Whitaker ana sauti ya heshima, lakini baadhi ya nyakati maneno hutangulia picha, yakatuarifu huzuni ambayo uso uliokuwa mbele yetu ulikuwa tayari kuisema wenyewe. Filamu ya Leth nayo ina msimulizi, ila aghalabu huacha kitendo kimalize kusema ndipo akaongeza lake.

Walakini hesabu ya mwisho yampa Johnstone haki yake. Mwaka 2012 Niyonshuti alibeba bendera ya Rwanda katika Michezo ya Olimpiki ya London, kisha akashiriki mbio za baiskeli za milimani, akamaliza wa 39. Kamera iliyofika siku ile tu ingalimpita ikimwandama mshindi; iliyokuwa imekaa naye miaka ilijua kwamba kumaliza kwenyewe ndiko kulikokuwa na thamani. Ndivyo lilivyo gunia la Idodi: apigaye picha barabarani hupata gunia, na aliyekuja tangu maji yakielekezwa majaruba hupata mpunga pamoja na mwenyewe.