Rangi za Ukambani katika Picha Dhahania

Picha dhahania ya mandhari huanza mpiga picha anapoiacha mbingu nje. Mtazamaji asiyeona upeo hukosa pa kupimia umbali na ukubwa, akabaki na rangi, mistari na vivuli. Franco Fontana wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1933, aliyageuza mashamba ya nchi yake kuwa mapande ya rangi. Kwa upande wa miji, Ernst Haas alitangulia: picha zake za New York zilitoka katika jarida la Life mwaka 1953.

Kaunti za Kitui na Makueni, huko Ukambani nchini Kenya, zinaifaa mno kazi hii, kwani majembe yamekwisha kuichora ardhi. Kwenye miteremko ya Mbooni wakulima wamejenga matuta ya fanya juu, ambayo mtaro wake huchimbwa na udongo ukatupwa upande wa juu. Lenzi ndefu, ya milimita 200 hivi, ikielekezwa huko kutoka kilima cha pili, huyabana matuta yakaonekana kupandana. Saa moja asubuhi kila tuta lina kivuli chake. Saa sita mchana mteremko wote umelala bapa, na ni heri kamera irudi mkobani.

Udongo mwekundu ndio mtihani mkubwa. Fremu ikijaa wekundu, kamera inayojirekebisha rangi hudhani mwanga una kasoro, ikaupoza udongo hadi ufifie. Dawa ni kuifunga rangi kwenye kipimo cha jua la mchana, kisha kupunguza mwanga kidogo, maana wekundu hufurika kabla ya rangi nyingine na mabonge ya udongo yakapotea.

Wengi husubiri mvua za Novemba ili wapate kijani cha ndengu na mbaazi. Haraka yao ingefaa kuelekezwa kwenye siku za mwanzo tu, chipukizi zinapofuata mifereji. Mimea ikishafunga shamba, mistari imekwisha. Agosti, nyika iliyopukutisha majani huwa ya kijivu chenye zambarau kwa mbali, rangi isiyosifiwa inavyostahili. Wakati huo mito ya msimu kama Tiva na Thua ni mchanga mtupu uliochorwa na kwato, na mtungi mmoja wa njano kando ya kisima hutosha kuibeba picha nzima.

Mijini, Wote au Mwingi, kazi hufanywa na kuta za maduka zilizopakwa rangi za kampuni za simu, na mabati yenye kutu karibu na mabati mapya. Huko Emali, usiku, shata ikiachwa wazi kwa sekunde kadhaa, malori ya barabara ya Mombasa hutoweka na taa zake zikabaki kama nyuzi nyekundu na nyeupe.

Wakati wa kuchapisha, karatasi isiyong'aa huinyima picha mng'ao wa kioo cha simu, lakini huufaa udongo. Maelezo ya picha yasizidi mahali na mwezi: “Mbooni, Novemba” yanatosha.