Pointi za Mtaroni

Hongera ziwaendee MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, Nairobi, kilichoanzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, Mkanada. Wa kuwahubiria vijana waache kuzurura tunao tele. Hawa waliwapa mpira, kisha wakawadai kitu. Timu haipati pointi kwa magoli peke yake. Ikizibua mitaro na kuzoa taka za mtaa, kazi hiyo nayo huingia kwenye msimamo wa ligi. Basi utawakuta wameinama na sepetu na reki, matope hadi magotini, huku wakibishana kama ile ya juzi ilikuwa penalti kweli. (Mzazi aliyewahi kumwamsha kijana wa miaka 14 Jumamosi ili afagie uwanja ataelewa ukubwa wa jambo hili.)

Mathare United, timu iliyozaliwa ndani ya MYSA, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Mimi lakini huwavulia kofia zaidi vijana wa ligi za mitaani, wanaofundisha wadogo zao na kuwachezeshea mechi. Na wasichana, waliokuwa wakiambiwa mpira si wao, nao wanasakata kabumbu humo tangu miaka ya 1990.