Koltani ndani ya ngozi: michoro ya Eddy Kamuanga Ilunga, ikiangaliwa toka Kibabi

Leo tuache kidogo mambo ya mbegu na mbolea, tuzungumze uchoraji. Kuna mchoraji Mkongomani ambaye kazi yake inatuhusu sana sisi watu wa Masisi na Walikale, hata kama hakuchora Kibabi. Ni Eddy Kamuanga Ilunga, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1991 na kusoma uchoraji kwenye Académie des Beaux-Arts ya kule kule.

Ukiona mchoro wake mara moja, hautausahau. Ni kitambaa kikubwa, na watu wake wanakaribia kimo cha mtu wa kweli. Wamevaa vikwembe vya rangi kali, vimejaa mikunjo. Lakini ngozi yao ni nyeusi tii, na juu yake kumepita mistari midogo midogo sawa vile ile kadi unayoona fundi akifungua telefone. Njo koltani hiyo: imetoka kwenye kilima, imeingia kwenye mwili wa mtu.

Mikunjo ya nguo haikuwekwa kwa urembo tu. Toka wachonga mawe wa Ugiriki ya kale mpaka wachoraji wa makanisa ya Italia, nguo yenye kukunjamana vizuri ilikuwa alama ya heshima: ya mungu, ya malkia, ya mtakatifu. Kamuanga anaichukua heshima ile na kumvika Mkongomani mwenye kikwembe. Tena hachukui kwa wazungu peke yao. Mingi ya michoro yake inawakumbuka Wamangbetu wa Uele, watu ambao ufalme wao ulimshangaza msafiri Georg Schweinfurth alipofika kwa mfalme Mbunza mwaka 1870. Maana yake, sisi pia tuna sanaa yetu ya kale ya kurudilia.

Mwaka 2018, October Gallery ya London ilionyesha michoro yake yenye jina Fragile Responsibility. Mle aliweka vyombo vya kauri, aina ya vitu ambavyo wazungu walileta zamani kwenye ufalme wa Kongo kufanya biashara, na biashara yenyewe ilikuwa hata ya watu. Ukiweka chombo kile karibu na ngozi yenye mistari ya telefone, hesabu inajifanya yenyewe: jana kauri kwa mtu, leo telefone kwa koltani.

Hapo namsifu kabisa. Tumezoea picha za machimbo yetu: matope, mgongo uchi, kijana asiye na jina. Mzungu anaziona, anahurumia, anapita. Kamuanga amekataa huruma ya namna hiyo. Mtu wake anakaa sawa vile mtu wa ukoo mkubwa, na wewe mtazamaji njo unapaswa kujieleza mbele yake.

Lakini nina neno. Mimi ni mtu wa kilimo, na kwenye michoro hii natafuta udongo, siuone. Nyuma ya watu mara nyingi kuko weupe tu, safi. Kwetu koltani haiachani na udongo. Kilima kinachimbwa, mchanga unaoshwa kwenye mto, maji yanakuwa mekundu, na shamba la maharagwe la mama wa kule chini linafunikwa na matope. Mama yule hayuko kwenye mchoro. Wengine watasema mchoraji si mwandishi wa habari. Sawa. Lakini aliyejua kuchora kauri kwa uangalifu ule angeweza kuchora jembe moja, ao mfuko mmoja wa mchanga.

Hatari ya pili inatoka ndani ya uzuri wenyewe. Hata Yesu msalabani, akichorwa vizuri sana, anaweza kuwa pambo la saloni ya tajiri. Mnunuzi wa Ulaya anaweza kufurahia kikwembe, akasahau ngozi.

Pamoja na hayo, bado nasema hii ni kazi kubwa, na sababu yangu ni vichwa. Kwenye picha za zamani za wafalme, mfalme anakuangalia machoni. Watu wa Kamuanga mara nyingi wameinamisha vichwa, macho chini. Wana mavazi ya heshima, ila hawana uwezo wa kuamuru. Hakuna picha iliyonieleza hali yetu vizuri kupita hiyo. Rubaya, hapa hapa Masisi, inatajwa kuwa inatoa kama 15% ya tantali ya dunia, yaani kile chuma kinachotoka kwenye koltani. Dunia inatuhitaji, lakini barabara yetu ya matope iko vile vile. Utajiri uko kwenye ngozi, kichwa kiko chini.

Njo maana naomba tusimwachie kazi hii mtu wa Kinshasa peke yake. Kati yetu kuko wanaojua kuchora, na wanakijua kilima kwa miguu yao. Watafuteni hao michoro ya Kamuanga, waiangalie pole pole, kisha watuambie: ukimchora mchimbaji wa Kibabi kwa heshima ya mfalme, utamuwekea nini mkononi, na chini ya miguu yake utaweka nini?