Nguzo za Malindi

Mgeni afikapo Malindi kwa mara ya kwanza hupelekwa upesi kwenye rasi ya mawe iliyojitokeza baharini, na kuonyeshwa nguzo nyeupe yenye msalaba wa jiwe juu yake. Huambiwa kuwa hiyo ni nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga hapa Aprili 1498. Hutazama, hupiga picha, kisha huenda zake akiamini kuwa ameiona historia ya Malindi. Nia yake ni njema, lakini matembezi ya namna hiyo yana kasoro. Ni sawa na kufungua kitabu katikati, kusoma ukurasa mmoja, na kujisifu kuwa umekimaliza.

Katika mji wa kale, kando ya msikiti wa Ijumaa, ziko nguzo nyingine. Hizo ni nguzo za makaburi, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa katika karne ya 15. Nguzo ya rasini husema, "Nilifika." Nguzo za makaburini husema, "Tulikuwapo." Na kweli walikuwapo. Mwaka 1415, miaka 83 kabla ya Mreno huyo, twiga aliyetoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa Uchina. Huko Gede, kusini ya Malindi, liko kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399.

Hata hivyo, tusiidharau nguzo ya mgeni. Kosa si lake, ni letu tunaoisoma vibaya. Vasco da Gama hakufika katika pwani tupu. Alipokewa na Sultani wa Malindi, ambaye alikuwa na ushindani na Mombasa na alitaka rafiki mwenye nguvu. Hapa ndipo alipopewa rubani aliyeijua njia, akamvusha bahari mpaka Calicut katika Bara Hindi. Basi nguzo ile, ikisomwa vyema, yamshuhudia mwenyeji kama imshuhudiavyo mgeni. Hakuna apokewaye katika nyumba isiyo na watu.

Kwa hiyo, mwanafunzi, ukienda kuzuru, anza makaburini, nenda Gede, kisha umalizie rasini. Na kama wewe ni wa Kilifi, una Mnarani juu ya hori, ambako magofu ya msikiti na makaburi yangali yakitazama maji. Popote ufikapo, uliza: nani alijenga, kwa nini, na kwa mali itokayo wapi?

Mwaka 2024 Gede iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Heshima hiyo ni kubwa, lakini itatufaa nini ikiwa walimwengu watayajua mawe yetu, nasi tuliozaliwa kandokando yake tukapita bila kugeuza shingo? Mwacha asili ni mtumwa.