Toroli la Mkunga wa Zamu ya Usiku

Tunduma hailali. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni hadi usiku wa manane, na uchungu wa uzazi nao hauchagui saa. Mtazame mkunga anapopokea zamu ya usiku. Kabla hajakaa, anakwenda kwenye toroli lake na kugusa kitu kimoja kimoja: glavu, pamba, mkasi, vibanio vya kitovu, mabomba ya sindano. Kila kimoja kina mahali pake palipozungushiwa utepe, hivyo kisipokuwepo, pengo lenyewe linasema.

Kisha anafungua jokofu na kusoma kipimajoto. Oksitosini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Mama huchomwa uniti 10 za dawa hiyo ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka, ili asivuje damu nyingi. Dakika moja tu! Anayeanza kuuliza bomba liko wapi ameshaila nusu yake. Mkono wa mkunga huyu hauulizi. Unakwenda na kurudi na dawa huku macho yake yakiwa bado kwa mama.

Ustadi huu una mizizi jirani kabisa. Mwaka 2007, Songwe, mkoa ulio na Tunduma leo, ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya, Hospitali ya Rufaa Mbeya ilianza kutumia 5S, mbinu ya kupanga mahali pa kazi, kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani. Mbinu ilizaliwa viwandani Japani, ikapitia hospitali ya wanawake mjini Colombo, Sri Lanka, na ilipofika kwetu ikapata maneno yetu: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia.

Ninachokiheshimu zaidi ni kwamba wenye kazi ndio hukaa kikao. Muuguzi, mtu wa maabara na mhudumu anayepiga deki huulizana: nini kinatuchosha bure? Rejista iko mbali na kitanda? Isogezwe. Shuka safi ziko juu mno? Zishushwe. Vitu vidogo, lakini jumlisha hatua zinazookolewa usiku mzima kwa mtu mwenye miguu iliyovimba, ndipo utajua thamani yake.

Mpangilio hauzai wauguzi wapya, na uhaba wa watumishi lazima utatuliwe na wenye mamlaka. Hata hivyo, mtu aliyeipanga kazi yake kwa mikono yake haburuzwi nayo.

Alfajiri, honi za malori zikianza tena, mkunga amechoka. Ila haondoki. Anajaza kila pengo la torolini, anasoma tena kipimajoto, anaandika. Mwenzake wa asubuhi hatamwona akifanya hayo. Atanyoosha tu mkono, na bomba litakuwepo.