Umeme Umefika Kasenyi, na Una Mbio!

Jamani, inaondoka! Nimezungusha mkono kidogo tu na pikipiki hii ya umeme imechomoka kabla sijakaa sawasawa. Hakuna klachi, hakuna gia, hakuna moshi. Unasikia matairi yakisaga changarawe, basi. Kwenye barabara ya Kasenyi, inayokata mbuga hadi kwenye mwalo wa Ziwa George, ukimya huo ni raha tupu: swala wanainua vichwa, wanakutazama, wanaendelea kula. Nyati naye hakusikii ukija, kwa hiyo piga honi mapema!

Nikapakia abiria na kapu la ngege, tukapanda kilima. Hapo ndipo nilipopenda kabisa. Pikipiki ya petroli ingelia na kudai gia ndogo. Hii nguvu yake yote ipo tangu gurudumu linapoanza kuzunguka. Mteremkoni ukiachia, mota inageuka jenereta na kurudisha chaji kidogo kwenye betri. Unateremka huku unaingiza!

Sasa wauzaji wanisikilize. Mabango ya majani mabichi na hotuba za tabianchi hayauzi kitu huku. Mwenye boda wa Kikorongo anauliza: fundi yuko wapi, spea zipo, nikichoka nayo nitaiuza kwa ngapi? Maswali hayohayo ndiyo yaliyoipa Kikumi, ile Corolla AE100, ufalme wake Uganda. Tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, Kikumi mpya haiji tena, na watu wanatazama huku na kule. Nafasi ndiyo hii! Waonyesheni kilima, waonyesheni hesabu ya petroli ya wiki moja. Waambieni pia kwamba umeme unazalishwa papa hapa, kwenye mto Mubuku kule Bugoye.

(Na wilaya yetu ya Kasese ina haki ya kujivuna kidogo: kuanzia 1999 mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe yalitoa kobalti, madini yanayotafutwa kwa betri za magari ya umeme. Kichekesho ni kwamba betri nyingi za pikipiki hizi ni za chuma na fosfeti, kobalti hazina.)

Kasoro ni moja, na si ndogo. Kampala, kampuni ya Zembo ilianza mtindo wa kubadilisha betri: unaacha iliyokwisha, unachukua iliyojaa, unalipa, unaondoka, wala betri si lazima uinunue. Huku ukitoka Kasese hadi Bwera ni zaidi ya kilomita 50, na bado kuna kurudi, labda na abiria wawili na gunia la chumvi ya Katwe. Bila pa kubadilishia njiani, ni kamari.

Wekeni kituo Kikorongo na kingine Bwera, halafu mnitafute. Boxer yangu ya petroli naiweka sokoni Jumamosi hiyohiyo, bei tutaelewana.